Mbuzi Aliyesikia Injili Yote

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mama mkwe kafika. Bila taarifa! Nilikuwa uani naoga kwa ndoo, kifua wazi, povu mpaka masikioni, nikasikia langoni: "Hodi wenyewe!" Ingekuwa sauti ya polisi ningesimama. Hii nilikimbia. Nikajibanza nyuma ya simtanki, sabuni imejaa machoni, mpaka mke wangu Justa alipomwingiza chumba cha uani na kunipigia mluzi kwamba njia nyeupe.

Sisi Wasukuma mama wa mke wako humtazami usoni. Humpi mkono, huli naye, jina lake hulitaji. Hata humu siliandiki, mkono wenyewe unakataa. Ukikutana naye barabarani unaingia porini kama mtu aliyebanwa na haja. Ndiyo heshima. Sasa huyu wangu atakaa hapa mwezi mzima! Nitaishi porini?

Kaja kutoka Kishapu kumsaidia Justa na mtoto. Mtoto wetu wa pili, dume, kazaliwa mwezi uliopita. Dada yake Nelly tumempeleka Nyasubi kwa shangazi yake, nyumba ipumue kidogo. Imepumua siku mbili tu!

Jioni Justa kaniletea ugali na habari. Mama kaja na mipango. Jumapili ya tarehe 27 mtoto atawekwa wakfu kanisani anaposali Justa, lile la mabati ya bluu pale Masumbwe. Jina lake ataitwa Sostenes. Na kwa kuwa baba hajaokoka, baba hatasimama mbele. Mtoto atashikwa na bibi.

Nikaacha kutafuna. Nikasema mwanangu anaitwa Januari, na atashikwa na mimi.

Justa kasema, "Basi kubalianeni wewe na mama."

Tutakubalianaje na hatuongei!

Januari ni jina la mdogo wangu, marehemu. Duara, shimo letu la dhahabu, lilimfunika mwaka jana mwezi wa tatu. Watu watasema mtoto wa Juni anaitwaje Januari. Waseme! Hata yeye alizaliwa Agosti. Baba alikuwa na kalenda moja tu ukutani na hakuwahi kuifunua.

Ila kanisa lile sikanyagi. Tangu mazishi sijakanyaga. Sababu ninayo.


Jumanne, 8 Julai

Haya ndiyo mambo ya leo. Mama mkwe kaja na beberu, zawadi ya sherehe ya tarehe 27. Kamfunga kwenye nguzo ya uzio wa matete unaotenganisha uani na mbele. Matete pale yametoboka, kwa hiyo mbuzi kichwa kiko upande wangu, mkia upande wake.

Asubuhi nimekaa na kikombe cha uji, nimeupa uzio mgongo kama adabu inavyotaka. Mara nyuma:

"Bebe mbuli!"

Yaani, wewe mbuzi. Nikajua anamfukuza kwenye majani ya mboga. Wapi! Akaendelea. Wewe mbuzi, unakula, unalala, unaamka, unakula tena. Umewahi kujiuliza unakwenda wapi? Kuna wengine humu nyumbani nao hawajiulizi. Wanakunywa uji tu.

Uji ukanipalia.

Nikamwita Justa amwambie mama yake kwamba nimesikia. Justa kasema yeye ana mtoto mchanga, si posta.


Alhamisi, 10 Julai

Siku ya tatu ya mahubiri kwa mkia wa mbuzi. Leo uvumilivu umekwisha. Nikageukia pembeni, nikamwambia mbuzi kwa sauti ya kusikika:

"Mbuzi, waambie wanaohusika kwamba mimi si mtu mbaya. Sijaua. Sijaiba. Simpigi mke wangu. Sasa naokolewa kutoka wapi?"

Nikajua nimempata. Nikajipongeza kwa kunywa uji kwa mlio.

Halafu matete yakasema: Mbuzi, wewe hujui mambo ya machimbo, lakini wapo wanaojua. Mmoja ameanguka shimoni futi kumi, mwingine futi mia. Yule wa futi kumi akae humo anajisifu kwamba hakwenda chini sana? Wote wawili wanangoja kamba. Na kamba haitengenezwi na aliye shimoni, inashushwa kutoka juu. Kazi yake ni kuishika.

Nimekaa na hilo mpaka uji ukapoa. Mama huyu hajawahi kushuka duara hata moja! Kajuaje?

Halafu nikamkumbuka Januari, ambaye kamba haikumfikia, nikakasirika, nikaondoka bila kuaga. Hata mbuzi sikumuaga.


Jumamosi, 12 Julai

Nimemweleza Marwa. Marwa ni mwenzangu wa duara, Mkurya wa Tarime, anacheka kama anagombana. Kasema kwao mama mkwe akikuhubiria hata kwa mbuzi unahama wilaya.

Ila kasema nisikubali kushindwa. Marwa ana sababu za kutookoka kama duka la mitumba, anakutafutia ya saizi yako. Akanipa mbili za kuanzia: walokole wanafiki, na dhahabu inamkimbia mlokole. Anazo nyingine nikihitaji.

Jioni nikaanza na wanafiki. Mbuzi, yule mzee wa kanisa mwenye kibanda cha nafaka, debe lake limebonyezwa kwa ndani, Masumbwe nzima inajua. Jumapili ananena kwa lugha, Jumatatu anapima kwa debe lile. Hapo unasemaje?

Mama mkwe: Mbuzi, mwezi uliopita ulikuwa na minyoo. Nikakunywesha dawa. Je, ulisema "sinywi, maana mbuzi wa jirani naye alikunywa na bado anaiba mahindi"?

Mbuzi akalia mee! Naapa. Kwa wakati ule ule! Nyuma ya uzio nikasikia, "Umeona, kumbe unaelewa."


Jumapili, 13 Julai

Wote wamekwenda kanisani isipokuwa mimi na mbuzi. Tumekaa kimya. Naye amechoka.

Nimemwangalia mtoto kabla hawajaondoka. Ana kidevu cha Januari, kile cha kubonyea katikati. Nikamwita Januari taratibu sikioni. Akapiga chafya. Nimeipokea kama jibu.


Jumatano, 16 Julai

Leo dhahabu. Nikasema kwa nguvu: mbuzi, ni ukweli unaojulikana machimboni kwamba mwamba ukisikia sala unajificha. Mtu akiokoka, dhahabu inamkimbia. Mimi nina watoto wawili. Nikiokoka watakula nini?

Jibu halikuchelewa hata kidogo. "Mbuzi! Kabla hajaokoka, hiyo dhahabu imempenda lini?"

Nikasikia kicheko. Si cha mbuzi. Nageuka, jirani yetu Makoye kaegemea mwembe wake huku anajifuta machozi! Kumbe ana siku kadhaa anafuatilia. Na hayuko peke yake. Kuna Mama Rebeka na beseni lake la dagaa, kasema amepitia tu. Kapitia na kigoda!

Nikaona nitoke kiume. Nikatoa ya makanisa mengi, nayo ya Marwa. Mbuzi, Masumbwe hii makanisa ni mengi kuliko vyoo. Kila moja linasema ndilo. Mtu aende lipi?

Mama mkwe: Mbuzi, vibanda vya chipsi pale stendi ni vingi. Kuna mtu aliyekufa njaa kwa kushindwa kuchagua?

Makofi! Kutoka upande wa Makoye! Uwanja wangu mwenyewe, nimefungwa nyumbani.


Ijumaa, 18 Julai

Sasa imekuwa mkutano wa injili kamili. Nimerudi kazini nimekuta watu wamekaa. Wanamsubiri mbuzi! Tena wanaleta maswali yao. Mama Rebeka kaomba mbuzi amwulizie kama kusuka rasta ni dhambi. Mbuzi kajibiwa kwamba Mungu anatazama moyo, lakini rasta za rangi ya chungwa hata moyo unaziona.

Makoye ana wake wawili. Kauliza kwa adabu zote: mbuzi, mtu kama huyo akiokoka, amwache yupi?

Wake wote wawili wa Makoye walikuwa wamesimama pale. Mbuzi mwenyewe aliacha kutafuna.

"Mbuzi," ikasema sauti, "hilo kamwulize mchungaji."

Ndiyo mara ya kwanza namsikia mama mkwe anakwepa. Nimefurahi mpaka nikala ugali mara mbili.

Kabla ya kutawanyika nikachomeka moja yangu mwenyewe, si ya Marwa. Nikasema mbuzi, mimi sikatai. Nasema baadaye. Duara likitema dhahabu, nyumba ikiisha, nikizeeka kidogo, naokoka vizuri na kwa utulivu.

Akajibu polepole sana. Mbuzi, wewe tarehe yako unaijua? Huijui. Unatafuna tu. Mimi naijua. Ni ishirini na saba.

Watu wote wakamwangalia mbuzi. Mbuzi akatuangalia sisi. Sijawahi kusikia mahubiri ya kutisha namna ile maishani mwangu. Mama Rebeka kaondoka bila kigoda chake.


Jumamosi, 19 Julai

Tatizo jipya. Hakuna anayetaka kumchinja mbuzi. Makoye, mchinjaji wa mtaa mzima, kasema hawezi kumwekea kisu kiumbe aliyesikia injili yote hivyo. Justa kasema hata akipikwa yeye hali. Mama mkwe nasikia kamwambia Justa kwamba huyu mbuzi wamezungumza mengi mno.

Kwa hiyo mbuzi ameokoka kabla yangu! Hongera zake. Sherehe itakuwa ya kuku.

Nimecheka, halafu nimekaa kitandani nikawaza. Zimebaki siku chache. Justa kaniuliza leo uso kwa uso, bila mbuzi, kama nitaacha kweli mwanangu abebwe mbele za watu kama mtoto asiye na baba. Nikasema si mimi ninayeacha, ni sheria yao. Akaniuliza, na sababu ya kutokuja ni hizi unazompa mbuzi?

Nilijifanya natafuta soksi. Sina soksi.


Jumatatu, 21 Julai

Aibu. Aibu!

Leo kazini tumehamishia mawe karibu na duara la zamani, lile la Januari. Juu pameota majani sasa. Kuna mtu kaanika shati pale. Shati! Nikashindwa kufanya kazi. Marwa kaniambia nenda nyumbani, ndugu yangu, nitakusimamia.

Nimefika, nikakaa mahali pangu, mgongo kwenye uzio. Nyuma nikasikia hatua, kigoda kikalia, mtu akakaa. Nikajua ni yeye. Nikasema leo namaliza.

Nikasema: Mbuzi, mwambie mama mkwe kwamba sababu zote nilizokupa ni za uongo. Si wanafiki. Si dhahabu. Makanisa mengi nimepewa na Marwa. Sababu yangu ni moja tu. Siku tunamzika Januari, mchungaji wao alisimama kaburini, mama yangu amekaa chini kwenye vumbi, akasema huyu aliitwa mara nyingi akakataa, sasa mlango umefungwa. Mbele ya mama yangu! Mama yangu hajala vizuri mpaka leo kwa neno lile. Mbuzi, kama huko mbinguni wameingia wenye maneno ya namna hiyo na mdogo wangu kaachwa nje, basi mimi nakaa nje na mdogo wangu. Sitaki kamba. Mwambie hivyo.

Nilikuwa nalia. Nakiri. Kwa sauti.

Mara nyuma mtu akakohoa.

Besi!

Mama mkwe hakohoi besi! Nikainama nikachungulia chini ya matete. Viatu vyeusi. Vimepigwa rangi. Na pindo la suruali.

Mchungaji Theonest mwenyewe. Kaja kumsalimia bibi, kaambiwa amsubiri, bibi na Justa wamepeleka mtoto kliniki!

Haya ndiyo matokeo ya heshima. Miaka yote hii nimefundishwa nisigeuke kuangalia aliye nyuma ya uzio. Angekuwa simba ningemweleza habari zangu zote.

Nimekimbia. Naandikia kwa Marwa. Marwa hajacheka, ndipo nilipojua hali ni mbaya.


Jumanne, 22 Julai

Nimerudi nyumbani kupitia nyuma, nikajibanza nyuma ya simtanki. Palikuwa na kelele. Mama mkwe anaongea na mchungaji, na huyo anaongea naye moja kwa moja, macho kwa macho, hana haja ya mbuzi.

Kumbe mchungaji kamweleza yote. Mama mkwe hakuwepo mazishini, alikuwa amelazwa. Hakuwa akijua.

Kamwuliza, mchungaji, wewe ulikuwa shimoni?

Mchungaji kasema hapana, mama, ila nilikuwa nawaonya walio hai.

Kamwambia walio hai walikuwa wanalia. Wapo wa kuonywa na wapo wa kushikwa mkono, na mchungaji asiyejua kuwatofautisha bora akachunge huyu beberu, naye anamzidi kusikiliza.

Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Mama mkwe wangu! Ningeweza kumkumbatia, isipokuwa haiwezekani kwa namna yoyote ile.

Mchungaji alikaa tu kashika kitabu chake. Ana umri kama wangu, sikuwahi kuliona hilo.


Alhamisi, 24 Julai

Mchungaji karudi. Mimi niko mahali pangu na uji. Nikamwona anapita lango, anasita, halafu anakwenda moja kwa moja kwa mbuzi! Akapiga magoti na suti yake. Akamsalimia.

"Ndugu mbuzi, habari za asubuhi."

Ni Mhaya. Kadhani ndiyo mila ya nyumba hii!

Akamwambia: Ndugu mbuzi, naomba umfikishie Baba Nelly kwamba siku ile nilisema jambo nisilolijua. Nilikuwa mgeni kazini. Niliogopa umati. Nikasema nilichofundishwa kusema, na sikumtazama mama aliyekaa chini. Nimekwenda jana kwa huyo mama. Nimempigia magoti.

Kweli kaenda. Mama kanipigia simu jana jioni kuuliza kwa nini mchungaji mwenye tai amekuja kumlilia jikoni kwake na ugali umeungua.

Nikamwambia, mchungaji, mimi na wewe tunaweza kuongea wenyewe. Mimi si mkweo.

Akainuka, suruali ina mavi ya mbuzi magotini. Tukatazamana. Kichwani nilikuwa na maneno ya mwaka mzima, makali, nimeyanoa, na yote yakanikimbia. Sikumwambia nimemsamehe. Nilimwambia anywe uji. Akanywa vikombe viwili.

Wakati wa kuondoka kanitajia Jumapili. Sheria ya baba aliyeokoka, kasema, ni ya wazee wa kanisa, hawezi kuifuta peke yake. Lakini yeye ndiye atakayekuwa ameshika kipaza sauti.

Jina je? Hajui. Hilo ni la familia. Justa kasema mama bado anasema Sostenes.


Jumamosi, 26 Julai

Jioni leo. Nimekaa mahali pangu. Kigoda kikalia nyuma. Safari hii nilihakikisha kwanza, nikachungulia chini: kandambili za kijani, miguu ya mama mkwe. Nikageuka haraka, mgongo kwenye uzio, kichwa chini.

Hakuanza na "bebe mbuli". Alianza tu.

Kasema amekaa na neno langu tangu Jumatatu na halijamwacha alale. Kasema wale wawili waliotundikwa pamoja na Yesu, mmoja alikuwa mwizi tangu ujana mpaka kifo. Hakubatizwa. Hakutoa sadaka hata moja. Hakuwahi kukaa kwenye benchi la kanisa. Alikuwa na pumzi chache tu zimebaki, akazitumia kusema nikumbuke. Akajibiwa leo hii utakuwa pamoja nami.

Kasema, mdogo wako mlimchimba tangu asubuhi mpaka jioni ndipo mkamfikia. Kutwa nzima. Mlikuwa mnasikia anagonga jiwe. Nani anajua alikuwa anasema nini humo chini, na nani? Mchungaji hajui. Mimi sijui. Wewe hujui. Mungu alikuwepo shimoni, ninyi mlikuwa juu. Sasa sikwambii yuko wapi, maana sikupewa kujua. Nakwambia tu kwamba aliyemsikia mwizi hana masikio ya kuzibwa na udongo.

Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua: usikae nje kwa ajili yake. Huenda unamsubiri mlangoni na mwenzako yuko ndani.

Nililia tena. Mwezi huu nimekuwa bomba. Nilitaka kumjibu, nikatafuta neno, nikageuka pembeni niseme "mbuzi, mwambie mama mkwe wabeja, asante".

Mbuzi hakuwepo.

Tundu la matete tupu. Kamba haipo. Makoye alikuwa amemchukua tangu mchana akamchanganye na mbuzi wake. Nimemwuliza Justa baadaye nani kampa. Kasema, mama mwenyewe. Kamfungua kwa mkono wake.

Kwa hiyo alikuwa anajua. Alikuwa anaongea na mimi. Mimi!

Sijui niliweke wapi jambo hili. Kwa Wasukuma hakuna mahali pake. Kama angevua kitambaa kichwani mbele yangu nisingeshtuka hivi.

Nimepiga pasi shati. Sijasema nakwenda. Nimepiga pasi tu.


Jumapili, 27 Julai

Niko kanisani. Yaani, niko nje ya kanisa, dirishani, upande wa mashine ya kusaga. Nimekuja na hili daftari ili nionekane nina shughuli. Watu wanaopita wanadhani mimi ni bwana afya nakagua choo.

Marwa kanisindikiza. Kasema haingii, ila kama nikiingia atakaa hapa aone kama dhahabu itanikimbia kwa miguu au kwa bodaboda.

Shingo ya shati inabana.

Kwaya ina wimbo wa tatu sasa. Wanajua kurefusha. Yule mzee wa debe yuko mbele kabisa, anacheza vizuri kuliko wote. Nikasema ndani yangu, haya, naye kanywa dawa. Nimejicheka.

Nimejaribu kusali hapa hapa kwenye ukuta. Sijui inaanzaje. Nimesema "nikumbuke", halafu nikaona aibu kwa kuiba maneno ya mwizi. Halafu nikasema na Januari. Basi. Sikusikia kitu, isipokuwa mashine ya kusaga.

Wameita wazazi. Justa anakwenda mbele, gauni la kitenge jipya. Nyuma yake mama mkwe na mtoto. Nimetazama chini kwa heshima, kwa hiyo naandika ninavyosikia na kuchungulia kidogo tu.

Mchungaji kasema, baba wa mtoto?

Benchi zinalia. Mzee wa debe kasema kwa nguvu, utaratibu unajulikana, mchungaji, bibi amshike.

Mchungaji kashika kipaza sauti na hasemi kitu. Sema basi! Kanitoa jasho.

Sasa kasema. Kasema mimi sioni andiko linalomzuia baba kumshika mwanawe. Mwenye nalo alilete. Watu wanaguna. Mzee wa debe kafungua Biblia, anafunuafunua.

Mchungaji kasema tuendelee. Mama, jina la mtoto ni nani?

Hapa nimeinua macho, Mungu anisamehe na Wasukuma wote wanisamehe. Mama mkwe kampa Justa mtoto. Kashika kile kipaza sauti kwa mikono miwili kama anashika mchi. Kasema:

"Jina si langu kulitaja. Jina analo baba yake. Yuko pale dirishani, anaandika."

Wamegeuka wote. Kanisa zima! Mzee wa debe kageuka na kidole kwenye ukurasa. Mama mkwe katoka pembeni ya Justa, kakaa benchi la mwisho kabisa la ukutani, kajifunika khanga usoni mpaka kidevuni, nipate kupita. Nafasi pale mbele imebaki wazi, ya mtu mmoja. Mtoto anapiga chafya. Marwa ananisukuma mgongoni, anasema nenda, mlango uko upande ule, acha kuandika, we mtu, acha kuan